Mzuka na hesabu: nani aamue nini kwenye kampuni ya mbunifu?

Duka la mbunifu wa mavazi likifungwa, hukumu hutoka barazani kabla hata ya kibao kushushwa: "Yule alikuwa msanii, biashara hakuijua." Duka hilohilo likistawi, maneno hugeuka: "Alifuata moyo wake, hakuwasikiliza watu." Hukumu zote mbili hutolewa matokeo yakishajulikana. Hazimsaidii chochote mtu ambaye leo ana wazo kichwani, akiba kidogo benki na mkataba wa fremu unaosubiri saini yake.

Kwenye semina za ujasiriamali hali huwa mbaya zaidi. Mzungumzaji wa asubuhi anawaambia watu wafuate ndoto zao. Wa mchana anawaambia namba hazidanganyi. Katikati wanakula wali kuku, jioni wanarudi nyumbani na daftari lenye mafundisho mawili yanayoonekana kugombana. Kwa maoni yangu hayagombani. Kila moja linajibu maswali yake, na vurugu huanza pale swali la upande mmoja linapopelekwa upande wa pili.

Tuanze na maneno yenyewe. Hisia ya mbunifu, ambayo vijana huiita mzuka, ni uamuzi unaofika kabla ya maelezo yake. Fundi anaitazama shingo ya gauni na kusema imekaa vibaya, kisha ndipo anaanza kutafuta sababu. Uwezo huo haushuki kutoka mbinguni. Umejengwa na miaka ya kushona, kufumua, na kuwaangalia wateja wakijigeuza mbele ya kioo. Ndiyo maana una mipaka: unajua kile tu ulichofundishwa na kazi. Aliyekata magauni miaka kumi ana hisia ya kuaminika kuhusu magauni. Kuhusu riba ya mkopo au kodi ya fremu Kariakoo, hisia yake haina uzito kuliko ya mpita njia.

Mkakati wa biashara ni uchaguzi wa mambo machache: unamuuzia nani, kwa bei gani, kwa fedha ya nani, nini kitabaki kuwa mali yako, na kazi gani hutaifanya hata ukibembelezwa. Wengi huuchanganya na andiko la biashara, lile faili nene linalopelekwa benki. Andiko linaweza kuwa na majedwali ya mapato ya miaka mitano na lisiwe na mkakati ndani yake, kwa sababu hakuna mahali mwandishi alipochagua kitu na kuacha kingine.

Mfikirie mpishi wa shughuli. Chumvi ya pilau anaijua kwa kuonja, na muda wa kufunika sufuria anaujua kwa harufu. Ukimletea mizani ya chumvi atakucheka, na ana haki. Lakini hakuna mpishi anayeonja mchuzi ili ajue wageni ni wangapi. Kilo za mchele anazipata kwa kuuliza idadi ya kadi. Harusi huharibika kwa njia mbili: mwenye shughuli anapoingia jikoni kumpangia mpishi viungo, au mpishi anapokadiria mchele kwa macho.

Kampuni ya mbunifu nayo ina maswali ya kuonja na maswali ya kuhesabu. Ugumu ni kwamba mengi huja yamevaana, na mwanzilishi ndiye anayepaswa kuyatenganisha. Sijui mfano unaoonyesha hilo vizuri kuliko ndugu wawili ambao katuni zao zimeangaliwa karibu kila nyumba yenye televisheni.

Walt Disney alifungua kampuni yake ya kwanza ya katuni, Laugh-O-Gram, mjini Kansas City mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 20. Mzuka ulikuwepo, na wachoraji wazuri walikuwepo. Akapata oda ya filamu sita kutoka kwa msambazaji mmoja, kwa bei ya takriban dola 11,000. Katika hizo, msambazaji alitanguliza dola 100 tu, nyingine zilipwe kazi ikishakamilika. Msambazaji akafilisika, na mwaka 1923 Laugh-O-Gram ikafuata. Hapa watu husema "sanaa hailipi." Lakini sanaa haikuhusika. Aliyeiangusha Laugh-O-Gram ni mteja mmoja aliyepewa kazi yote kwa mkopo, na kosa hilohilo linaweza kumwangusha muuza saruji.

Walt akahamia Los Angeles, alikokuwa kaka yake Roy, aliyemzidi miaka minane na aliyewahi kuwa karani wa benki. Oktoba 1923 wakaanza kampuni pamoja, wakisaidiwa na dola 500 walizokopeshwa na baba yao mdogo. Kuanzia hapo hadithi husimuliwa kana kwamba Walt alikuwa mwotaji na Roy breki. Hadithi hiyo ni rahisi mno, na nitaeleza sababu.

Kwanza, suala la umiliki. Mwaka 1927 walianza kuchora sungura aitwaye Oswald, na watu wakampenda. Mapema mwaka 1928 Walt akaenda New York kuomba nyongeza ya malipo. Msambazaji wake, Charles Mintz, alitaka kupunguza badala ya kuongeza, na tayari alikuwa amewasainisha wachoraji wengi wa Walt wamhame. Walt hakuwa na la kushika: kwa mujibu wa mkataba, Oswald alikuwa mali ya studio ya Universal. Hisia yake ya mhusika ilikuwa sahihi kabisa, sungura alipendwa kweli. Swali la nani anammiliki sungura halikuulizwa kwa wakati. Panya aliyefuata, Mickey, aliyeonekana hadharani New York tarehe 18 Novemba 1928 katika filamu yenye sauti, alibaki mali ya ndugu hao. Miaka mitano baadaye sura yake ilikuwa kwenye saa za mkononi, na malipo ya leseni za bidhaa yakawa yanalisha studio hata katuni zenyewe zilipogharimu kuliko zilivyoingiza.

Huku kwetu swali hilo lina sura yake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya bodi. Alipofariki mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo picha za mtindo ule zinauzwa kuanzia Zanzibar hadi Nairobi, na wengi wanaoziuza hawana uhusiano wowote na ushirika huo. Watu hukasirika na kuuliza sheria iko wapi. Jibu ni kwamba hakimiliki hulinda kazi fulani, yaani picha hii yenye chui huyu, na hailindi mtindo. Mtindo ukishatoka uko sokoni. Unachoweza kukishika ni kazi mojamoja, jina na nembo. Kwa Tanzania Bara, kazi husajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kwa Kenya, alama husajiliwa KIPI, taasisi ya mali za ubunifu. Mbunifu anayelalamika kwamba mshono wake umeigwa mtaa mzima huwa na huzuni ya haki, ila mara nyingi hana kesi. Kama ana jina ambalo wateja wanalitafuta kwenye lebo, ana kitu cha kulinda.

Turudi kwa Walt. Filamu yake ndefu ya kwanza ya katuni, ile ya Snow White, ndiyo inayotajwa zaidi na wahubiri wa "fuata moyo wako." Hollywood waliiita upumbavu wa Disney. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola 250,000, na ilipomalizika ilikuwa imekula karibu dola milioni 1.5. Fedha zilipokwisha ikabidi wamwonyeshe afisa wa Bank of America, Joseph Rosenberg, filamu ambayo haijakamilika, na mkopo ukaongezwa. Ilizinduliwa tarehe 21 Desemba 1937, ikaingiza takriban dola milioni 8 katika mzunguko wake wa kwanza. Msikilizaji wa semina hupiga makofi hapo.

Kinachoachwa ni miaka mitano iliyotangulia. Walt alikuwa na mfululizo wa katuni fupi za dakika saba au nane, na aliutumia kama karakana ya majaribio. Rangi kamili aliijaribu mwaka 1932 kwenye filamu fupi moja, ikashinda Oscar. Mwendo wa mwili wa binadamu, ambao katuni za wakati ule hazikuuweza, aliujaribu mwaka 1934, na haukutoka vizuri. Kamera yenye tabaka, inayoipa picha kina, aliijaribu mwaka 1937, wiki chache kabla ya filamu kubwa kutoka. Kwa hiyo alipoweka dola milioni na nusu mezani, maswali mengi ya kuonja alikuwa ameshayaonja kwa vijiko vidogo. Lililobaki bila jibu ni moja: je, watu watakaa saa nzima na zaidi wakiangalia katuni? Hilo halikuwa na jaribio dogo. Hapo ndipo hisia ilipofanya kazi yake halali, mahali ambapo hesabu haina cha kuhesabu.

Nalikazia hili kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Kuiamini hisia yako si lazima kuwe na maana ya kuiwekea kila kitu ulicho nacho kwa mkupuo mmoja. Ubora wa wazo ni jambo moja, ukubwa wa dau ni jambo lingine. Waanzilishi wengi waliofilisika walikuwa na wazo zuri na dau baya.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuja haraka. Mwaka 1940 studio ilitoa filamu mbili za gharama kubwa, Pinocchio na Fantasia, kila moja ikizidi dola milioni 2. Zote mbili leo zinaheshimika mno. Zote mbili zilipata hasara zilipotoka. Vita vilikuwa vimefunga masoko ya Ulaya, yaliyokuwa yakileta sehemu kubwa sana ya mapato ya studio, na Fantasia ilihitaji mitambo maalumu ya sauti ambayo kumbi chache tu zingeweza kuifunga. Kampuni ikalazimika kuuza hisa kwa umma mwaka huohuo, na mwaka uliofuata wachoraji wakagoma. Ladha ya Walt haikuwa imeharibika. Idadi ya kadi ilikuwa imebadilika, na mchele ulikuwa umeshapimwa kwa harusi ya zamani.

Kilichofuata kinanifurahisha. Dumbo, ya Oktoba 1941, ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 1. Ni fupi, mandhari zake zimechorwa kwa rangi za maji, mapambo ni machache. Ikaleta faida. Wapo wabunifu wanaodhani bajeti ndogo ni tusi kwa kipaji. Tembo yule mdogo ana watetezi wengi tu hadi leo, nami nimo.

Sasa tushuke Kariakoo, tupige hesabu ya kubuni. Tuseme mbunifu anauza gauni la vitenge kwa shilingi 60,000. Kitambaa ni 22,000, fundi 15,000, zipu na vifungo 3,000, mfuko na usafiri 2,000. Jumla 42,000, kwa hiyo kila gauni linabakiza 18,000. Kodi ya fremu, umeme na mshahara wa msaidizi ni 900,000 kwa mwezi. Anahitaji kuuza magauni 50 ndipo asipate wala asipoteze.

Mzuka unamjia: gauni hili linataka darizi ya mkono kifuani. Darizi inaongeza gharama ya 12,000. Akiiweka bila kugusa bei, kila gauni linabakiza 6,000, na sasa anahitaji kuuza magauni 150 ili asiingie hasara. Uzuri ni uleule aliouona kichwani, lakini kazi imeongezeka mara tatu. Mhasibu wa woga atamwambia aiache darizi. Mhamasishaji atamwambia aiweke tu, wateja watakuja. Wote wawili wamejibu swali ambalo si lao. Kama darizi inalifanya gauni liwe zuri, hilo ni la mbunifu, na mhasibu anyamaze. Kama darizi inaweza kulipiwa, hilo linahesabika: bei ikipanda hadi 75,000, kila gauni litabakiza 21,000, na magauni 43 yatatosha, machache kuliko mwanzo. Kinachobaki ni kujua kama wapo wateja 43 kwa mwezi wa kulipa 75,000. Semina haiwezi kumjibu. Magauni kumi yenye darizi yakiwekwa dirishani yanaweza. Yasiponunulika hata moja, amepoteza 540,000, kiasi ambacho alipaswa kujua kama anakimudu kabla ya kumwita mtarizi.

Kuna imani nyingine inayopendwa: kitu kizuri hujiuza. Apple, kampuni isiyoshutumiwa kwa kukosa ladha, ilitoa kompyuta ya Power Mac G4 Cube mwaka 2000 kwa dola 1,799. Ni kifaa kizuri mno, kimewekwa hadi kwenye jumba la makumbusho ya sanaa New York. Uzalishaji ulisimamishwa baada ya mwaka mmoja hivi, kwa sababu wanunuzi walikuwa wachache kwa bei ile. Miaka saba baadaye iPhone ilitoka kwa dola 599 kwa toleo la juu, na kabla miezi mitatu haijaisha bei ikashushwa hadi 399. Steve Jobs, ambaye watu humtaja kila wanapotaka kusema mteja asisikilizwe, aliwarudishia wateja wa mwanzo waliokasirika dola 100 za kununulia bidhaa dukani. Hakugusa umbo la simu. Aligusa bei, na haraka.

Sasa ile hadithi ya mwotaji na breki. Ingekuwa kweli, ushauri ungekuwa mwepesi: mbunifu atafute mhasibu mkali, amtii. Lakini Roy alikosea mara kadhaa. Alipinga gharama za rangi, na rangi ikalipa. Alipinga bustani ya burudani ya Disneyland, hadi Walt akakopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha na kuanzisha kampuni yake ya pembeni ili aendelee. Waliokuwa na uzoefu wa viwanja vya burudani nao, walipoonyeshwa mpango huo Chicago mwaka 1953, walisema hautafanya kazi. Hayo yote yalionekana kama sauti ya biashara. Kwa kweli yalikuwa hisia za watu wengine, zilizovaa suti. Mtu anayesema "hii haijawahi kufanyika" hajakuletea hesabu. Amekuletea kumbukumbu zake.

Hesabu halisi ililetwa na Harrison Price wa taasisi ya utafiti ya Stanford. Walt hakumuuliza kama wazo ni zuri. Alimuuliza iwekwe wapi, na wangekuja watu wangapi. Price akachunguza mwelekeo wa ukuaji wa mji, hali ya hewa na bei za ardhi, akachagua ekari 160 za mashamba huko Anaheim. Roy naye, alipogeuka, hakuwa breki. Alikwenda New York na mchoro wa bustani uliochorwa wikiendi moja, akarudi na makubaliano na kituo cha televisheni cha ABC: dola 500,000 taslimu, dhamana ya mikopo ya dola milioni 4.5, nao wapate zaidi ya theluthi moja ya hisa za bustani na kipindi cha kila wiki kutoka studio. Kipindi hicho kiliitangaza bustani kwa miezi kadhaa kabla haijafunguliwa Julai 1955. Lile dau ambalo lingeizamisha studio liligawanywa kwa watu walioweza kulibeba. Huo ndio mkakati, na ulihitaji ubunifu usiopungua wa mchoraji.

Kosa moja hata Price hakulizuia, kwa sababu fedha haikutosha. Ardhi ilikuwa ekari 160 tu, na kuizunguka zikaota hoteli na moteli za watu wengine zilizovuna wageni walioletwa na Disneyland. Walipokwenda Florida miaka ya 1960 walinunua takriban ekari 27,000, kwa majina ya kampuni zisizojulikana ili bei isipande.

Wengi wetu hatuna Roy. Kampuni ni mtu mmoja, cherehani mbili na simu. Kutafuta "mtu wa biashara" na kumpa nusu ya hisa kwa sababu tu anajua kutumia jedwali la kompyuta ni njia nyingine ya kupoteza kampuni. Nimeona inayofaa zaidi ni kutenganisha vikao: siku ya kuchora isiwe siku ya kupanga bei, na siku ya hesabu mtu asiruhusiwe kufuta mchoro, ila kuuliza tu maswali ya hesabu. Utagharimu kiasi gani, ulipwe lini, jina ni la nani, ukishindwa tunapoteza nini. Dada, shemeji au mjumbe wa kikoba anayejua kuuliza hayo bila aibu anatosha kuanzia. Na kile kiasi cha juu cha kupoteza kiandikwe kabla kitambaa hakijakatwa, mahali ambapo mtu mwingine anaweza kukisoma, kwa sababu gauni likishatundikwa dirishani na kupendeza, kila mbunifu hujikuta anaweza kumudu hasara kubwa kidogo kuliko jana yake.